Mwaka Tulipomnyima Sumaili Salamu

Siku tulipomzika shemeki yangu Donali, mume wa dada yangu, mkuu wa komini alisimama mbele ya jeneza, kofia mkononi, akasema Kindu imempoteza mtu wa amani. Akalirudia neno lile: mtu wa amani, aliyetoka mbali huko Irlandi, akalima mpunga pamoja na wana wa Maniema, akaiongoza komite yetu miaka yote bila kumkosea mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na wanawake, nikakivuta kitambaa changu mpaka machoni, kwa sababu nilikuwa ninacheka. Sikumcheka marehemu. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Lakini huyo mtu wa amani sikuwahi kukutana naye. Niliyemjua mimi, katika mwaka wa mwisho wa vita na ule uliofuata, alikuwa mtu wa kisasi, na kisasi alinifundisha kama mwingine anavyofundishwa kushona, polepole, kwa kuitazama mikono yake. Brijita, binti yake, aliniona. Jioni tulipokuwa tunapepeta mchele wa wageni nyuma ya nyumba, akaniuliza, "Mama mudogo, wakati mukubwa alikuwa anasema juu ya papa, ulikuwa unacheka nini?" Nikamwambia angoje matanga yaishe. Hakutaka kungoja, na mimi nimefika umri ambao mtu akichelewesha neno anaweza kuzikwa nalo. Nikamweleza, ungo ukiwa mapajani.

Nyumba ilikuwa hii hii, ng'ambo ya mto, kwenye njia ya Kailo. Donali aliijenga mwenyewe alipoacha kufundisha shule ya mapadre akashika jembe. Ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali ya udongo, baraza pana mbele, na ghala la mpunga ubavuni lililonuka magunia na panya. Chumba changu kilitenganishwa na baraza kwa ukuta wa mianzi tu, kwa hiyo kila neno la komite lilipita mpaka kitandani kwangu. Nilikuwa sijafikisha miaka ishirini. Dada yangu Mauwa, bibi ya Donali, alikuwa na mimba baada ya kungoja muda mrefu, nikaja kumsaidia kazi za nyumba, halafu vita vikafunga njia na nikabaki. Ndani ya mji walikaa askari wa uasi, porini walikaa wapiganaji waliowapinga, na katikati yalikuwa mashamba yetu. Treni ilikuwa haiji tena wala boti hazipandi mto. Ndege ndiyo iliyoleta kila kitu, na karibu kila kitu kiliishia mikononi mwa wenye bunduki. Chakula hatukukosa kabisa, maana udongo hauna habari na vita. Tulikula wali, tulikula sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, wakati mwingine samaki ngolo kama mtego umebahatika. Tulichokosa ni munyu. Sisi chumvi tunaiita munyu, na mwaka ule neno lilikuwa tamu kuliko kitu chenyewe. Tulichoma maganda ya ndizi, tukachuja majivu kwa maji, tukapikia yale maji meusi. Mauwa alikuwa akionja sombe, anafumba macho, anasema, "Nadanganya ulimi wangu, lakini unakataa."

Donali alikuwa prezida wa komite ya wakulima wa upande wetu. Hakuna aliyemlipa. Komite ilitunza chemchemi, ilifyeka njia, ilipatanisha watu waliogombania mipaka ya mashamba, na wakati wa vita ilifanya kazi ngumu zaidi, kuwaomba askari wa huku na wapiganaji wa kule wawaache wanawake wavune. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shingo nyekundu kama udongo wa njia, na Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa. Mtu akimwita Mbelgiji alikasirika. "Mimi hapana Mubeleji," alisema. "Kwetu nako balikuya benye nguvu, bakatwaa udongo, bakatupimia njaa." Ndani ya komite alikuwamo pia mfanyabiashara mmoja wa Kasuku, upande wa mjini wa mto, aitwaye Sumaili. Hakuwa mkulima, ila askari walikuwa wamemkabidhi mitumbwi yote ya kivukoni, hakuna aliyevuka mto bila neno lake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwacha nje. Katika mwaka ule ambao sisi wote tulinuka moshi na jasho, Sumaili alinuka sabuni. Alipokuja barazani niliijua harufu yake kabla ya kuisikia sauti yake.

Siku moja ndege ya misaada ilileta munyu kwa wakulima wa ng'ambo, na Donali akayasindikiza magunia yote kutoka uwanja wa ndege, akavuka nayo mto, mpaka yakafika ghalani kwetu. Alasiri hiyo niliwasikia kupitia mianzi. "Prezida," Sumaili alisema, sauti laini, "munyu hii ipite kwangu. Mimi njo iko na depo ya kufungia bintu."

"Munyu ni ya bantu," Donali alijibu. "Kesho itapimwa hapa, mbele ya kila muntu."

"Unataka kunipatisha haya?"

"Haya unajipatisha weye mwenyewe."

Kesho yake watu walijaa uwanja. Mauwa, tumbo lake mbele kama kikapu, ndiye aliyepima kwa kikombe cha bati, akisawazisha juu kwa kidole ili asizidishiwe mtu wala asipunjwe mtu. Sumaili akaja naye kwenye mstari, labda ili aonekane mwema. Mauwa akampimia kikombe chake, akakisawazisha kwa kidole, akakimimina kwenye kitambaa alichokitandaza, akasema, "Papa Sumaili, munyu yako hii." Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sumaili alikifunga kitambaa chake taratibu, bila kuinua macho, akaondoka. Jioni ile tulikula sombe yenye munyu wa kweli, na Donali alilamba sahani kama mtoto, na Mauwa akamcheka, na nikifikiria sasa, hicho ndicho chakula cha mwisho ninachokikumbuka tukiwa watatu na furaha.

Mvua zilipoanza, Mauwa akajifungua nyumbani. Mtoto alitoka salama, msichana, akilia kwa nguvu. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Mkunga alibana alichoweza kubana, akatutazama, akasema mama apelekwe hospitali Kasuku, sasa hivi. Donali na majirani wakamlaza kwenye machela ya mianzi, wakashuka naye mpaka mtoni, mimi nyuma na mtoto kifuani. Ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua. Mitumbwi ilikuwa pale, imefungwa kwa mnyororo, na Sumaili alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya kibanda cha mabati, askari vijana wawili pembeni yake. Donali alimweleza. Sumaili alisema hakuna kuvuka leo. Donali alimwomba. Nilimwona shemeki yangu, mtu mrefu yule, akipiga magoti kwenye tope, mikono yake yenye damu ya dada yangu ikiwa wazi mbele. Sumaili akaitazama ile mikono. Kisha akasema, "Prezida, si uko na munyu? Basi munyu yako ikuvushe."

Wale askari wakacheka, ingawa nadhani hawakujua wanacheka nini. Baba Yuma, mkulima jirani yetu ambaye mmoja wa mitumbwi ile ulikuwa wake mwenyewe, alipiga hatua moja kuelekea mnyororo, bunduki ikainuliwa, akasimama. Tukabaki pale. Kichwa cha Mauwa kilikuwa mapajani mwangu. Ng'ambo ya maji tuliliona paa la hospitali, tuliwaona hata watu wakitembea uani. Aliniuliza kama mtoto amenyonya. Nikamdanganya kwamba ndiyo. Hakuuliza kitu kingine.

Tulimzika nyuma ya ghala. Na kwenye matanga, Sumaili alikuja. Alikuja na kipande cha kitenge kipya, akinuka sabuni yake, akanyoosha mkono, na Donali akaupokea. Nasema akaupokea. Akamwambia karibu, akainuka, akampa kiti chake mwenyewe. Kwa siku nyingi sikumsemesha shemeki yangu. Nilimtengea chakula na kuondoka. Mtoto tulimlisha maziwa ya mama jirani aliyekuwa ananyonyesha, na uji mwepesi wa mchele, na kila mara alipolia nilisikia ile sauti laini ikisema munyu yako ikuvushe. Asubuhi moja nikachukua panga ghalani, nikalinoa kwenye jiwe la kufulia, nikalifunga ndani ya kitenge. Donali alikuwa barazani akifua nguo za mtoto. Hakuinua kichwa.

"Unaenda wapi na ile panga?"

"Kwa Sumaili."

"Weka chini."

"Weye njo ulimupatia kiti," nikasema. "Bibi yako iko chini ya udongo, na weye unamupatia ule muntu kiti yako."

Alikamua nguo, akaianika kwenye kamba, kisha akaja akakaa chini karibu nami. "Feza," alisema, "ukimukata leo, askari batachoma mashamba yote mupaka Kailo. Na yeye atakuwa amekufa, anapumuzika. Weye unataka siku yake moja. Mimi ninataka maisha yake yote." Akaniambia habari aliyoisikia kwa nyanya yake huko kwao. Zamani kulikuwa na msimamizi wa wakubwa wenye mashamba aliyewafukuza maskini mashambani, akatupa vyungu vyao njiani. Watu hawakumpiga. Walimwacha. Hakuna aliyemvunia ngano yake, hakuna aliyemuuzia mkate, mhunzi hakumpigilia farasi wake viatu vya chuma, na kanisani hakuna aliyeketi naye benchi moja. Mtu yule alikonda kati ya mali zake, mpaka akafunga mizigo akaenda. Nyanya yake Donali alikuwa msichana mdogo wakati ule, na alipokuwa mzee bado alieleza kila kitu kana kwamba ni jana. "Alikuwa anacheka akisema," Donali aliniambia. "Nilikuwa mutoto, nikaona meno yake, nikaogopa. Sasa siogopi."

Basi nikajifunza kungoja, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya maishani. Sumaili aliendelea kuja kwenye mikutano. Mimi ndiye niliyempelekea chai, na hakuna kikombe alichokunywa barazani kwetu ambacho sikukitemea mate kwanza nyuma ya mlango. Donali alimwita papa Sumaili, alimwuliza hali ya nyumbani, alimpa zamu yake ya kusema. Wakulima walianza kunong'ona kwamba mzungu amelegea. Nilikuwa ninamtazama mikono. Sumaili alipoongea, Donali aliifumbata juu ya magoti, na vidole vyake vilikuwa vyeupe.

Halafu, wakubwa wa mbali wakapatana, askari wakaondoka Kindu, na wenye mitumbwi wakaenda kivukoni na kukata mnyororo. Haikupita juma, Donali akawaita wakulima wote wa njia ya Kailo ghalani. Walikaa juu ya magunia mpaka mlangoni. Alisimama katikati yao, mtoto mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kama anayepanga siku ya kufyeka njia. "Sumaili hapana kupigwa. Hapana kutukanwa. Duka yake hapana kuguswa, wala bibi yake, wala batoto. Mumuache tu. Hapana kumuuzia mupunga, hapana mawese, hapana kuku. Hapana kununua kwake. Hapana kumuvusha. Na kama anasalimia, hapana kumujibu."

Baba Yuma akainua mkono. "Prezida, dini yetu inasema salamu inajibiwa."

"Basi mujibu ndani ya roho," Donali akasema.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa na mtu wake aliyekwama kwenye ule mto.

Mwanzoni Sumaili hakuelewa. Alidhani ni kutosikia, akasalimia tena kwa sauti kubwa zaidi. Kisha alidhani ni bei, akapandisha bei, na wanawake wakapita mbele ya duka lake na vikapu vimejaa wakaenda kuuza jirani. Watu wa Kasuku wanakula kinacholimwa ng'ambo, kwa hiyo walipoona wakulima wamemwacha, nao wakaanza kumwepuka wasije wakakosa mchele. Alituma watu waje kumnunulia, wakarudi mikono mitupu. Alikuja mwenyewe mpaka barazani kwetu. Donali alikuwa anakula. Sumaili alisimama pale chini ya ngazi akieleza kwamba askari ndio waliomlazimisha, kwamba yeye pia alikuwa mfungwa wao, na labda kulikuwa na ukweli kidogo ndani yake, sijui. Donali aliendelea kula, akaniomba pilipili. Nikampa. Sumaili aliongea mpaka maneno yakamwisha, akaondoka, na kwa mara ya kwanza sikusikia harufu ya sabuni.

Mama yake Sumaili alikuwa mzee sana, akiishi Kailo. Msimu wa mavuno akaugua, habari ikafika mjini kwamba anamwita mwanawe. Siku hiyo tulikuwa tumevuka kuuza mpunga Kasuku, tukawa tayari ndani ya mtumbwi wa Baba Yuma turudi, mimi, Donali, na mtoto mgongoni mwangu. Sumaili akaja mbio, shati wazi. Wapiga kasia wote wa kivuko walikuwa watu wa ng'ambo, na alikuwa amekwisha kuwazungukia mmoja mmoja. Akashika ukingo wa mtumbwi wetu. "Donali," akasema. Hakusema prezida. "Mama yangu iko nakufa. Univushe tu. Nitakaa chini, sitasema kitu." Donali alitazama maji. Akanyoosha mkono akairekebisha kofia ya mtoto isimpige jua. Baba Yuma alikuwa amesimama nyuma na kasia lake, akangoja ishara, uso wake umekunjamana kama mtu anayeumwa jino. Ishara haikuja. Akasukuma. Sumaili akatufuata ndani ya maji mpaka kiunoni, mpaka kifuani, akiita jina la Donali, kisha jina langu, kisha jina la mama yake. Nilimtazama mpaka mwisho. Sikutaka kupoteza hata kitu kimoja.

Jioni Baba Yuma alikuja kwetu. "Prezida, inatosha," alisema. "Ule mama hakutukosea."

"Na Mauwa alimukosea nani?"

Baba Yuma akarudi kwake, wala hakuvunja neno la komite. Sumaili alipompata mvuvi mgeni wa kumvusha, mama yake alikuwa amekwisha zikwa. Baada ya hapo alifunga duka, akashika njia ya reli kwa miguu kuelekea Kibombo, na miaka ikapita juu yake. Donali hakulitamka tena jina lake. Alilima, alizeeka, alipatanisha watu, akawa huyu mtu wa amani wa hotuba. Mara moja tu, tukimenya njugu barazani, nilimwuliza kama anajuta. "Juu ya mama yake, ndiyo," akasema. "Juu ya yeye mwenyewe, hapana." Watu husema kisasi humla mwenye nacho. Huenda. Mimi kiliniamsha asubuhi, kikanipa nguvu ya kumlea mtoto asiye wangu, na sijaona msamaha uliomlisha mtu uji.

Hayo yote nilimwambia Brijita. Alisikiliza mpaka mchele ukawa mweupe bila kapi hata moja. Swali lake lilikuwa moja: "Wakati mama ya Sumaili alikufa, nani alikuwa naye?" Nikamwambia sijui, hatukuuliza.

Kesho yake, watu wakiwa bado wamejaa uwanja, akaingia mzee mmoja mwenye fimbo, jicho moja jeupe, viatu vyake mkononi. Alikuwa amesikia habari ya kifo kwenye redio huko Kibombo. Vijana hawakumjua, wakamvutia kiti. Alisalimia. Baba Yuma, ambaye sasa meno yamemwisha, akageuza uso akautazama ukuta. Yule mzee akaja mpaka kwangu. "Feza, uko salama?" Nikaendelea kupanga vikombe. Brijita akaninong'oneza, "Njo Sumaili?" Nikamwambia, "Njo yeye."

Brijita akapakua wali na sombe, akajaza sahani, akampelekea kwa mikono miwili, akakaa mbele yake. "Kula, papa," akasema. "Mimi njo mutoto wa Mauwa." Sumaili aliweka kijiko chini. Brijita akamrudishia kijiko mkononi. "Kula. Chakula ya matanga haikataliwi." Akala. Alikula punje kwa punje, machozi yakishuka mpaka kwenye sahani, na Brijita hakuondoa macho usoni mwake mpaka sahani ikaisha. Kisha akamwuliza kama atarudi leo. Akasema atarudi, akipata wa kumvusha. "Mimi nitakuvusha," Brijita akasema.

Nilishuka nao mpaka kivukoni. Mitumbwi ya mashine ilikuwa mingi, lakini Brijita alichukua mtumbwi mdogo wa Baba Yuma, akamketisha mzee mbele, akasukuma mwenyewe kwa kasia. Kutoka ukingoni nilimwona Sumaili akigeuka, mikono yake ikienda huku na huku, akisema, akisema, akijipiga kifua. Mgongo wa Brijita haukubadilika. Aliporudi peke yake nilikuwa bado nimesimama palepale.

"Alisema nini?"

"Yote. Munyu, mnyororo, mama yake. Aliomba musamaha kutoka ukingo huu mupaka ule."

"Ukamujibu nini?"

Aliuvuta mtumbwi nchi kavu, akaufunga kwa kamba, akapangusa mikono yake kwenye kitenge. "Nilimuvusha, mama mudogo," akasema. "Sikumujibu."

Nilimtazama uso, nikimtafuta dada yangu, na nikamkuta Donali.